Msinirekebishe Mdomo, Rekebisheni Mashine

Kuna maneno mawili ya Kiingereza ambayo yakitokea kwenye tangazo la kazi hapa Kenya, damu yangu huchemka: "neutral accent". Yaani lafudhi isiyo na upande. Isiyo na kabila, isiyo na kijiji, isiyo na baba wala mama. Wanaotafutwa ni watu wa kupokea simu, watu wa kuuza bima, walimu wa mtandaoni, na siku hizi hata sisi waandishi wa programu, ambao sehemu kubwa ya kazi yetu ni kuongea na kompyuta kwa vidole!

Leo nalisema wazi. Hakuna lafudhi isiyo na upande, haijawahi kuwepo. Ukisikia mtu anaongea Kiingereza na huisikii lafudhi yake, jua umeizoea tu, au umefundishwa kuinyenyekea. Na sisi tunaotengeneza programu tumeuchukua unyenyekevu huo tukautia ndani ya mashine. Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo.

Tuanze na utani

Kila Mkenya anaujua. Mchekeshaji anapanda jukwaani, anajifanya Mluhya, anasema "pus" badala ya "bus" na "pread" badala ya "bread", anataja kuku na ugali, ukumbi mzima unavunjika mbavu. Akimaliza anahamia kwa Mkikuyu na zile l na r zake, kisha Mjaluo na "fis" badala ya "fish", kisha Mkalenjin. Shuleni tuliita jambo hili kushrub, na aliyeshrub siku ya Jumatatu alichekwa hadi Ijumaa.

Sina neno na utani wenyewe. Watani ni watani, na sisi pia tunawacheka wengine. Neno langu ni hili: watu wameutoa utani ukumbini wakaugeuza kuwa kipimo cha akili. Anayesema "pus" anaonekana hakusoma. Anayeongelea puani, yule mwenye tweng aliyoiokota kwenye filamu, anaonekana amesoma hata kama alipata D.

Sasa hebu tufungue injini tuone kilichomo.

Chukua Lubukusu, lugha ya majirani zetu wa Bungoma. Katika Lubukusu, sauti b, d na g zenye mlio kamili husikika zikitanguliwa na nazali. Mbuzi ni embusi. Kikapu ni endubi. Kuku ni engokho. Hapo hutamsikia mtu akiteleza hata mara moja. (Mtaniuliza, na ile b ya Babukusu? Ile ni sauti laini, midomo inakaribiana bila kufungana. Si b ya Kiingereza.) Pasipo nazali, zinazobaki ni p, t na k. Ukiiandika kama programu, ni mistari miwili tu:

kama nazali imetangulia: mb, nd, ng
vinginevyo: p, t, k

Basi. Mtu wa kompyuta akiona kitu kama hiki anapaswa kufurahi. Hii ni kanuni. Ina sharti, ina matokeo, inatabirika. Mdomo unaosema "pus" haujachoka wala haujakosa shule. Unatekeleza kanuni yake vizuri kuliko programu nyingi ninazozijua.

Tena si Waluhya wote walio na kanuni hiyo. Mbukusu akinunua kitu anasema khukula, Mmaragoli anasema kugula, na g yake ni g kamili. Kwa hiyo mchekeshaji anayempachika Mmaragoli Kiingereza cha Mbukusu hata utani wenyewe haujui. Kwenye orodha ya kimataifa ya misimbo ya lugha, ISO 639-3, Kiluhya kina msimbo wa jumla, luy, na chini yake zimo lugha zenye misimbo yake: bxk ni Lubukusu, rag ni Lulogooli, lwg ni Luwanga, na ida inawabeba Waidakho, Waisukha na Watiriki kwa pamoja. Shuka kwenye matatu hapa Kakamega siku ya soko usikilize. Utasikia Viingereza vinne au vitano kabla hujafika kwa muuza ndizi, na hakuna kimoja kilichoharibika.

Geuza kibao

Sasa mpeni Mwingereza ng'ombe.

Sio wa kula! Mpeni neno. Mwambie aseme "ng'ombe". Atakupa "nigombe", au "nombe", au atacheka tu kwa aibu. Na ajabu ni kwamba sauti hiyo anayo! Anaitumia kutwa nzima akisema "sing" na "long". Ila kanuni ya lugha yake hairuhusu sauti hiyo isimame mwanzo wa neno. Wasikilizeni watangazaji wa mpira wa Kiingereza wakimtaja Mbappé: wengi huanza na "Em". Mdomo unatafuta irabu ya kuegemea kwa sababu "mb" mwanzoni mwa neno hawana.

Ni kanuni ya aina ileile kabisa. Mbukusu ana b, lakini mahali maalumu. Mwingereza ana ng', lakini mahali maalumu. Mmoja akishindwa kwa mwenzake tunasema ameshrub. Mwingine akishindwa kwetu tunasema "pole, majina yetu ni magumu". Sisi ndio tunaomba msamaha! Nani alituroga?

Na hao wenye Kiingereza chao wenyewe hawasikilizani. Mmarekani akisema "water", ile t katikati inageuka kitu kinachokaribia d. Kijana wa London naye anaimeza kabisa. Mtu wa Glasgow, mtu wa Liverpool, mtu wa Texas na mtu wa Jamaica, waweke chumba kimoja uone kazi.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa herufi r. Mwaka 1962 mtafiti William Labov alizunguka kwenye maduka makubwa matatu ya New York, moja la matajiri, moja la watu wa kati, moja la watu wa bei nafuu. Aliuliza wauzaji mahali pa kupata bidhaa ambazo alijua ziko orofa ya nne, ili wajibu "fourth floor" huku yeye anahesabu r. Matokeo aliyachapisha mwaka 1966: duka lilivyokuwa la kifahari zaidi, ndivyo r ilivyotamkwa zaidi. New York, kuitamka r ile ni dalili ya hadhi. Vuka bahari uende Uingereza: kule Kiingereza cha wakubwa, kile kilichokuwa cha BBC zamani, hakiitamki r hiyo, na anayeitamka huonekana mtu wa shamba. Sauti ni moja, bahari ni moja, hukumu ni mbili zinazopingana.

Basi hadhi haiko kwenye sauti. Iko kwenye mfuko na cheo cha anayeitamka. Angekuwa mwenye kampuni kubwa ya simu duniani ni mtu wa Webuye, leo vijana wa California wangelipia kozi ya kusema "pus".

Mashine nayo ikarithi

Mtasema hayo ni mambo ya isimu, mtu wa kompyuta yamemhusu nini? Yamenihusu sana, kwa sababu dharau ikikaa kichwani mwa mtu mmoja ni tabia mbaya, lakini ikikaa kwenye seva inakuwa mfumo.

Programu ya kutambua sauti haijui Kiingereza. Inajua ilichosikilizishwa. Unaipa maelfu ya saa za watu wanaozungumza pamoja na maandishi ya walichosema, nayo inajifunza kuoanisha milio na herufi. Ukiilisha Wamarekani wa tabaka fulani, itaelewa Wamarekani wa tabaka hilo. Wengine inawakisia, na ikikisia vibaya haisemi "sijakusikia vizuri, ndugu yangu". Inaandika upuuzi kwa ujasiri mkubwa.

Ushahidi upo, tena wa kwao wenyewe. Mwaka 2020 watafiti wa Stanford, wakiongozwa na Allison Koenecke, walichapisha jaribio la mifumo mitano: ya Amazon, Apple, Google, IBM na Microsoft. Waliipa sauti za Wamarekani weusi na Wamarekani weupe. Kwa weupe, wastani wa makosa ulikuwa kama maneno 19 kwa kila 100. Kwa weusi, 35. Na walipochunguza sababu, waliona tatizo kubwa liko kwenye jinsi mifumo inavyosikia matamshi, si kwenye sarufi. Hao ni watu waliozaliwa Marekani, Kiingereza ndiyo lugha yao ya kwanza, na mashine ziliundwa kwao nyumbani. Sasa wewe wa Shinyalu unatarajia nini?

Waskoti walilicheka mapema. Mwaka 2010 kipindi cha vichekesho cha BBC Scotland, Burnistoun, kilionyesha wanaume wawili wamekwama ndani ya lifti inayoendeshwa kwa sauti, wakipiga kelele "eleven" bila lifti kuwaelewa. Mwaka uliofuata Siri ya Apple ikazinduliwa, na Waskoti wa kweli wakaanza kulalamika kwamba haiwaelewi. Kichekesho kiligeuka ripoti ya habari!

Lakini lifti ni mchezo. Fikirieni mambo yanakoelekea. Huduma zinaondoka kwenye vitufe zinakwenda kwenye sauti. "Tueleze shida yako kwa maneno machache." Mkulima wa miwa wa Mumias anaeleza. Mashine haielewi. Anarudia kwa sauti kubwa. Haielewi. Anajaribu kuongea kama mtu wa televisheni, anajisikia mjinga mbele ya watoto wake, anakata simu. Kwenye takwimu za kampuni, mtu huyo ameandikwa "mteja aliacha". Hakuna anayeandika "mfumo wetu ulimfukuza".

Au nenda hospitalini, ambako madaktari wanaanza kuongea huku programu ikiwaandikia. "Fifteen" na "fifty" zinakaribiana hata kwa Mwingereza. Weka lafudhi ambayo mfumo haukuwahi kuisikia, weka kelele za wodi, kisha uniambie ni miligramu ngapi zitaandikwa kwenye faili ya mgonjwa. Watu waliliona hili. Mwaka 2023 ilitoka hazina ya sauti iitwayo AfriSpeech-200: saa 200 za Kiingereza cha Waafrika, wasemaji 2,463, lafudhi 120, nchi 13, na sehemu yake kubwa ni lugha ya tiba. Kwa hiyo msiniambie haiwezekani. Inawezekana, imeshafanywa, na walioifanya ni Waafrika. Linganisha sasa na Whisper ya OpenAI ya mwaka 2022, iliyofundishwa kwa saa 680,000. Uwezo wa kukusanya upo. Swali ni nani anayehesabiwa kuwa anastahili kukusanywa.

Maneno nayo

Si matamshi peke yake. Kiingereza chetu kina msamiati wake. Mwambie Mkenya "branch left at Lurambi", anajua akate kushoto. Mashine inatafuta tawi la benki. Ndani ya matatu kondakta akisema "extend", sote tunasogea. Mwanafunzi wa darasa letu anayeketi nasi dawati moja ni "deskie". Wawili wanaoishi pamoja bila harusi ni "come-we-stay", na hakuna Mkenya anayehitaji kufafanuliwa.

Wale wanaosubiri ruhusa ya Mzungu, ruhusa ilishakuja: mwaka 2022 kamusi ya Oxford iliongeza maneno kadhaa ya Kiingereza cha Afrika Mashariki, yakiwemo "come-we-stay", "deskie" na "nyama choma". Lakini fungua programu ya kuandikia uandike "deskie". Mstari mwekundu! Kamusi kuu ya Kiingereza duniani imekubali, programu ya bure kwenye kipakatalishi chako imekataa.

Kwenye maandishi mambo yamekuwa mabaya zaidi tangu ije akili mnemba. Mwaka 2024 mwekezaji maarufu wa Marekani, Paul Graham, alisema hadharani kwamba akiona neno "delve" kwenye barua anahisi imeandikwa na ChatGPT. Wanigeria walimjia juu, na Wakenya tulikuwa na kila sababu ya kuungana nao: hicho ndicho Kiingereza tulichofundishwa na kupewa alama kwa kukiandika! Mwaka mmoja kabla yake, watafiti wa Stanford walikuwa wamezijaribu programu saba za kugundua maandishi ya mashine kwa insha 91 za watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani, zaidi ya nusu ya insha hizo zilihukumiwa kuwa za mashine. Zaidi ya nusu! Mwandishi ni binadamu, hakimu ni programu, na kosa ni kuandika Kiingereza cha ugenini.

Na msisahau nani alisaidia kuzisafisha mashine hizo. Januari 2023 jarida la TIME liliripoti kwamba wafanyakazi wa Nairobi, kupitia kampuni ya Sama, walisoma na kuyapanga maandishi machafu kwa ajili ya OpenAI kwa chini ya dola 2 kwa saa. Kiingereza chetu kinatosha kuifundisha mashine. Hakitoshi kuhudumiwa nayo.

Dawa mbaya kuliko ugonjwa

Sasa wamekuja na dawa. Kampuni ya Sanas ya California, iliyoanzishwa mwaka 2020 na vijana wa Stanford, ina programu inayobadilisha lafudhi ya mpokea simu papo hapo. Unaongea wewe, mteja anasikia mtu mwingine. Mwaka 2022 ilichangiwa dola milioni 32. Mwaka 2025 Teleperformance, miongoni mwa kampuni kubwa kabisa duniani za huduma za simu, ikatangaza kuwekeza dola milioni 13.

Kama kazi ya uhandisi, nawavulia kofia. Kubadilisha sauti bila kuchelewesha mazungumzo si mchezo. Lakini tazameni mshale umeelekea wapi. Tatizo ni sikio la mteja lisilotaka kuzoea, na dawa imenyweshwa koo la mfanyakazi. Mbona dawa haikuanza kwa kumsaidia mfanyakazi wa Nairobi amwelewe mteja wa Glasgow?

Najua hoja mtakazonitupia. Nazijibu moja moja.

"Inawapa watu kazi, na inawapunguzia matusi ya wateja." Hoja hii naiheshimu kuliko zote, kwa sababu matusi ni ya kweli na kodi ya nyumba haingoji falsafa. Mfanyakazi anayechagua mwenyewe kujifunika kwa programu ile ili apumue, simlaumu hata kidogo. Namlaumu mwajiri anayeona mteja akimtukana mtu wake kwa sababu ya lafudhi, kisha anamficha mtu wake badala ya kumkatia mteja simu.

"Mteja ana haki ya kuelewa." Anayo, kabisa! Lakini kueleweka na kupendeza ni vitu viwili. Kueleweka kunafundishika: ongea polepole, rudia namba tarakimu moja moja, taja herufi kwa mifano, hakikisha kabla ya kuendelea. Marubani wa dunia nzima wanaongea Kiingereza chenye lafudhi zote chini ya jua na ndege zinatua, kwa sababu walikubaliana utaratibu wa kusema na kurudia. Hawakukubaliana pua moja.

"Biashara haina hisia." Basi ifuate sheria. Kifungu cha 27 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinakataza ubaguzi kwa misingi kadhaa, na lugha imo, asili ya kabila imo. Sheria ya Ajira ya 2007 nayo inataja zote mbili. Wakili atasema lafudhi si lugha. Sawa. Lakini lafudhi ni mlio wa lugha ya kwanza ya mtu ukisikika ndani ya lugha ya pili. Ukimkataa mtu kwa mlio huo, umemkataa kwa nini kama si lugha yake na kwao?

Nami yalinipata. Kampuni moja, jina sitaji, ilipitisha majaribio yangu yote ya kuandika programu, kisha kwenye mazungumzo ya mwisho nikaambiwa kwa upole kwamba kazi yangu ni safi ila "wateja wa nje watapata shida kidogo". Hakuna aliyeniuliza nirudie neno hata moja. Walinielewa vizuri sana, mpaka wakaelewa natoka wapi.

"Mbona en-KE ipo?" Hii ni ya wenzangu wa kompyuta. Ndiyo, ipo. Google inaorodhesha Kiingereza cha Kenya kwenye huduma yake ya kutambua sauti. Microsoft ina sauti mbili za kusoma Kiingereza cha Kenya, Asilia na Chilemba. Ni hatua, nashukuru. Lakini msimbo ule una sehemu mbili, lugha na nchi. Hauna Bungoma, hauna Kisii, hauna Lamu. Ukiwarekodi vijana wa chuo kikuu wa Nairobi ukabandika en-KE, umewaandika Wakenya wote kwa kalamu ya mtaa mmoja. Wale wale waliokuwa wakichekwa darasani sasa wanakosewa na mashine yenye bendera ya nchi yao.

Tufanye nini basi

Siandiki hapa ili kulia. Nawaandikia hasa watengenezaji programu wenzangu wa Kenya, kwa sababu Mmarekani hatatufanyia hili. Mambo matano.

1. Jaribu programu yako kwa midomo ya watu, si kwa mdomo wako. Wewe na wenzako watatu wa ofisini mmesoma chuo kimoja. Nenda sokoni, nenda kituo cha matatu, tafuta mama wa miaka 60, tafuta mtoto. Isipowaelewa hao haijakamilika, hata kama inapendeza kwenye maonyesho.

2. Tangaza makosa kwa makundi. "Usahihi wa asilimia 90" ni namba ya kuficha mambo. Asilimia 90 ya nani? Toa namba ya kila lafudhi, ya wanawake na wanaume, ya vijana na wazee. Mwenye aibu na namba zake ana sababu.

3. Ukikusanya sauti, omba ruhusa na ulipe. Sheria yetu ya Kulinda Data ya 2019 inahesabu utambuzi wa sauti kati ya data za kibayometria. Sauti ya mama muuza mboga si mali ya umma kwa kuwa tu aliongea hadharani. Na kwa anayetaka kutoa sauti yake kwa hiari, upo mradi wa Common Voice wa Mozilla. Kiswahili kimo tayari, na kwenye Kiingereza unaweza kutaja lafudhi yako mwenyewe.

4. Weka mlango wa pili kila mara. Vitufe, Kiswahili, au binadamu. Mfumo ukishindwa mara mbili kumwelewa mtu, umpeleke kwa mtu. Usimwambie arudie mara ya tano kana kwamba yeye ndiye mwenye kasoro.

5. Futa "neutral accent" kwenye matangazo yako ya kazi. Andika unachohitaji kweli: mtu anayeweza kueleza jambo gumu kwa maneno mepesi, anayesikiliza, anayehakikisha. Utashangaa ni wangapi wanaosema "pus" na wanaoyaweza yote hayo.

Kuna kanuni ya zamani ya wanaoandika programu za mtandao: unapotuma, kuwa mwangalifu, unapopokea, kuwa mkarimu. Jon Postel aliiandika mwaka 1980 kwa ajili ya kompyuta zinazoongea na kompyuta nyingine, na ni ukarimu huo uliosaidia mitambo ya kila aina kuelewana. Tumeitumia kanuni hiyo kwa mashine kwa zaidi ya miaka 40. Ninachodai ni kwamba binadamu wa Kakamega apewe heshima ileile tunayoipa kompyuta.

Kama unapinga, karibu kwenye maoni hapo chini. Andika kwa Kiswahili, kwa Kiingereza cha kwenu, au kwa Kiluhya chochote kile. Nitaelewa.